Kapeti za Gari la Baba

Juzi hapa Kimandolu jirani yangu alianika kapeti za gari ukutani, na harufu ya mpira uliolowa ikanirudisha utotoni. Mama alinipa brashi na sabuni ya unga, nisugue kapeti za gari la baba. Nikajua Krismasi imekaribia, tunakwenda Rombo kwa bibi.

“Tunaondoka kesho, mama?”

“Sugua tu, mwanangu.”

Nilisugua mpaka maji yakatoka meupe. Jioni akaja mgeni, akafungua mlango wa gari, akainama.

“Hili limetunzwa.”

“Kapeti nimeosha mimi!” nikasema.

Baba hakucheka. Akampa mgeni funguo na kadi ya gari. Leo najua maana ya ile kadi. Siku ile nilikimbia kumfungulia mgeni geti, nikampungia mkono akiondoka na gari, kisha nikaingia ndani kupanga nguo zangu za Rombo.