Neno Moja kwenye Kikaratasi

Nilipofungua duka la udobi hapa Rwezamenyo, nilikuwa nimetoka kuhudhuria semina ya siku moja kule Kimihurura, juu ya kuwaendeleza wafanyakazi. Tulipewa chai, kalamu na cheti. Cheti nilikitundika juu ya mashine ya kufulia, na kuanzia hapo nikajihesabu mwalimu.

Mwanafunzi wangu alikuwa mmoja, dada wa miaka thelathini na kitu aliyekulia Bujumbura, ambaye alijua kupiga pasi kuliko mimi. Hilo sikulitilia maanani. Nilimpa miezi mitatu ya majaribio. Aliniambia wazi kwamba akipata mkataba atapanga chumba, amchukue binti yake aliyekuwa akilelewa na bibi huko Huye. Mwenye nyumba hakubali mpangaji asiye na mkataba wa kazi. Aliniambia pia kwamba yeye ni Msabato, Jumamosi hafanyi kazi. Niliyakubali yote bila kusita, maana hakuna lililonigharimu.

Kasoro yake, kwa maoni yangu, ilikuwa maswali. "Bosi, hii shati iko ya kuloweka?" "Bosi, huyu mama amesema haraka. Haraka ni lini?" Kwenye semina tuliambiwa mfanyakazi ajengewe kujiamini. Mimi nikaelewa kwamba asiniulize. Kila alipouliza nilimwambia afikirie mwenyewe kwanza, naye akajibu "ndiyo bosi", nikaona somo linaingia.

Somo la vikaratasi nililifundisha kwa fahari. Kila nguo hubanwa kikaratasi kwa pini, chenye jina la mteja na siku ya kuichukua. Vikaratasi vyetu ni vidogo, na yeye huandika herufi kubwa kubwa. Nikamwambia siku aiandike kwa neno moja, kwa Kinyarwanda, basi. Akafungua mdomo, kisha akaufunga.

Sasa, "ejo" kwa Kinyarwanda ni kesho. Pia ni jana. Kirundi nacho ni hivyohivyo. Watu hawapotei, kwa sababu wanaongea, na mtu akiongea unajua anazungumzia lililopita au linalokuja. Kikaratasi hakiongei, wala hakisemi kiliandikwa siku gani. Mimi nililelewa Bukoba, nyumbani Kinyarwanda na shuleni Kiswahili, kwa hiyo neno hilo nililijua pande zote mbili. Sina pa kujitetea.

Ijumaa moja alasiri, nikiwa nimetoka, mzee mmoja wa mtaani, mwanajeshi mstaafu, alileta suti yenye waa la mchuzi kifuani. Kesho yake alikuwa awe msemaji wa upande wa bwana harusi kwenye gusaba, ile sherehe ya kuomba mke, ambako msemaji hukaa mbele na kutazamwa na wakwe kuanzia viatu hadi kola. Sabato ya yule dada huanza jua likizama, hivyo hakuwa na muda wa kuifua. Aliandika alivyofundishwa, EJO, akaitundika mbele kabisa nisikose kuiona.

Niliiona. Jumamosi asubuhi nilisoma kikaratasi, nikaelewa ni ya kesho, yaani Jumapili, nikaisogeza nyuma na kuendelea na mashuka.

Saa tano mzee akaja. Tulilitazama waa pamoja. Akauliza nani kaandika kikaratasi hiki. Nikasema ni mfanyakazi mpya, na kwamba nimeshamfukuza. Ilinitoka kirahisi tu. Mzee aliniachia suti, akaenda kwenye gusaba na koti la shemeji yake, ambaye ni mfupi.

Jumatatu nilimsimulia yule dada yaliyotokea, nikaruka kipande kimoja. Aliifua suti mwenyewe, waa likatoka lote. Mzee alipokuja kuichukua, yule dada alimkabidhi kwa mikono miwili.

"Mzee, mumbabarire," akasema, akimwomba msamaha. "Ni mimi niliandika ile karatasi."

Mzee akamtazama, kisha akanitazama mimi. "Si ulifukuzwa? Bosi wako aliniambia Jumamosi."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nikasema kosa lilikuwa langu, mimi ndiye niliyemfundisha kuandika vile, na kufukuza sikumfukuza mtu. Mzee akasema sawa, akachukua suti yake akaenda. Tulipobaki wawili nikamwambia yule dada kwamba mkataba wake uko tayari, unasubiri sahihi tu. Haukuwa tayari, lakini ningeuandika palepale.

"Asante bosi," akasema, huku akiendelea kukunja mashuka. "Nitafanya mpaka mwezi iishe. Mtoto nitamleta nikipata kazi kwa mtu mwingine. Siwezi kumleta pahali mama yake anafukuzwa na yeye mwenyewe hajui."

 Mwisho wa mwezi alinikabidhi funguo. Nilimwandikia barua ya kumsifu kwa mwajiri mwingine, ukurasa mzima, na sikuhitaji kutia chumvi popote.