Ng'ombe wa Dada Yangu

Kwetu Itiryo, ng'ombe wanaoingia zizini dada anapoolewa humngoja mdogo wake wa kiume, ili naye aoe kwa hao hao. Dada yangu aliozwa kwa mzee bila mwenyewe kutaka. Ng'ombe wake wakawa wangu. Mimi niliishia darasa la saba, sina shamba wala kazi, ila nilikuwa na hao, na baba wa msichana mmoja alikubali kuningoja.

Kaka yetu mkubwa alikuwa na sifa. Mwaka mmoja alinunua mahindi wakati wa mavuno akayaweka. Mvua ikakosekana upande wa Kenya, wanunuzi wakavuka Sirari na malori kuyagombania. Kaka akaezeka nyumba kwa bati. Tangu hapo hakusema kwamba kwa wenzetu mvua ilikosekana. Alisema alijua. Watu wazima walimfuata Tarime mjini kumuuliza wauze lini, naye alijibu polepole huku akichokonoa meno.

Ndipo akamwomba baba wale ng'ombe, awauze anunue mahindi mengi zaidi, kisha arudishe zizi likiwa limejaa. Mama alisema ng'ombe wa mtoto wa kike hawachezewi.

"Mama, wanaocheza ni wale wasiojua," kaka alisema. Akanigeukia. "Mura, au unaogopa?"

Mbele za watu maneno hunikauka. Nilitazama chini. Kimya changu wakakiita ndiyo.

Msimu ule mvua ilinyesha kote. Wa ng'ambo walivuna hadi mahindi yao yakawa yanavuka kuja kwetu. Kaka akasema tungoje, bei itapanda, yeye anaijua. Tukangoja. Wadudu hawakungoja. Alipokubali kufungua ghala, magunia yalikuwa yanamwaga unga. Wapika pombe waliyachukua kwa bei waliyoitaka wao.

Msichana akaolewa Mugumu. Baba yake hakunitukana. Alisema tu kwamba binti hangojei zizi tupu.

Baadaye dada alikuja kutusalimu. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Alimwamkia baba shikamoo, akatazama zizini, akauliza ng'ombe wako malisho gani. Baba akakohoa. Kaka ndiye aliyejibu: ni bahati mbaya, mvua imewaharibia wengi, nani anashindana na mbingu. Kumbe alipopata ilikuwa akili yake, na alipokosa ikawa mvua.

Dada hakupaza sauti.

"Kaka, mimi nakaa kwa yule mzee ili huyu mdogo wetu aoe. Sasa niambie, nakaa kwa ajili ya nini?"

Kaka alimwambia asiwe na wasiwasi. Mwaka huu ni alizeti, yeye ameshaona inakoelekea, kinachokosekana ni mtaji tu. Kile kipande cha shamba la baba cha bondeni, kikiuzwa, kingetosha kuanzia.

Nilimtazama baba, nikingoja amfukuze. Baba alivuta kigoda chake karibu na kaka.

"Alizeti," alisema. "Umesikia wanunuzi watatoka wapi?"

Dada akachukua kitenge chake, akaanza safari ya kurudi kwa mume wake.