Pasi kwa Baba Mdogo

Jumamosi iliyopita nyota wa zamani wa ligi walikuja hapa Migori kucheza mechi ya kuchangia wodi ya akina mama. Matumbo yalitangulia, miguu ikafuata baadaye. Jamaa mmoja nyuma yangu alimwarifu kipa kwamba tumbo lake liko ofsaidi, nikacheka mpaka njugu zikanimwagika. Lakini kabla sijaketi, rafiki yangu, nilikuwa nimeshawahesabu. Kumi na mmoja kila upande. Hesabu hiyo sijaiacha tangu utotoni Kendu Bay.

Kwetu, wazee wa mpira walicheza kila msimu wa njaa, na kiingilio kilikuwa kopo moja la gorogoro lililojaa mahindi, chakula cha watoto wa shule. Sisi watoto tulichora mistari ya uwanja kwa majivu ya jikoni, tukarudi nyumbani weupe kama mizimu. Nyanya aliamka na jogoo kupika nyoyo, mahindi na maharagwe, kwenye sufuria ambayo ukoo mzima ungeweza kuogea. Kisha alifua jezi moja tu, ya baba mdogo.

Baba mdogo alikuwa winga wa kushoto. Wanasema alikuwa na mbio hivi kwamba kivuli chake kilifika kesho yake. Homa ilimchukua kwa siku mbili, mimi sijaota hata jino. Wenzake walipostaafu na kuanza mechi hizi za msaada, walikataa kumpa mtu nafasi yake. Walicheza kumi. Nyanya aliikunja jezi akaiweka kwenye kona ya kushoto, na mara moja katika kila kipindi kapteni aliupiga mpira upande ule, kwa mtu asiyekuwepo. Hakuna aliyecheka. Hata beki wa wageni kutoka Sori alisimama pale kwa heshima, akikaba hewa. Uwanja ulinyamaza mpaka ungesikia mbuzi akitafuna ng'ambo ya barabara. Mpira ulipopita, naapa, niliona nyasi zikikanyagwa.

Nyanya naye alilipa kwa afya yake. Baada ya kila mechi alifunika sahani moja, akaacha mlango wazi wiki nzima, akisema mtoto ameitwa, atakuja na njaa. Hakulala. Kila mwaka alizidi kukonda, na majirani wakanong'ona kwamba mechi moja zaidi itamzika.

Nilipokuwa darasa la nne, mvua ilinyesha asubuhi ya mechi. Kapteni akapiga pasi yake kama kawaida, mpira ukakwama kwenye tope, ndani ya mstari. Haukutoka nje kama siku zote. Refa alishika filimbi mdomoni asijue apulize nini. Wanaume ishirini na mmoja waliutazama ule mpira, na hakuna aliyethubutu kuusogelea. Nyanya akavua ndala, akaokota jezi, akaingia uwanjani mpaka mbele ya kapteni.

"Mama, sisi tunamkumbuka tu," kapteni akasema, macho chini.

"Nyinyi mnamwita, halafu mnaenda kwenu. Mimi ndiye ninayemngoja mlangoni. Mpeni mtu hii jezi, mtoto wangu alale."

Jezi ikamwangukia mwalimu wetu wa hesabu, aliyekuwa amekuja kutazama tu. Kumvisha ilikuwa kama kumvalisha kiboko soksi. Akaukimbilia mpira, akaukosa, akakaa kwenye tope kwa makalio yote mawili. Uwanja ukalipuka. Nyanya alicheka akaonyesha meno yake yote matatu, na jioni hiyo akafunga mlango mapema, akakoroma mpaka kuku wakahama.

Sasa Nyanya amelazwa kando ya mwanawe, na uwanja ule umekuwa kituo cha mafuta. Wazee wenyewe wamebaki wawili, na mmoja hatambui mtu. Mimi baba mdogo sikumjua akiwa hai. Nilimjua kwa pasi zile tu. Ndiyo maana watu walipokuwa wakimcheka mwalimu, mimi nilijificha nyuma ya magunia ya mahindi nikalia. Kwa wengine alikuwa amekufa miaka kumi nyuma. Kwangu alikufa siku ile, saa kumi za jioni, walipotimia kumi na mmoja.