Bwana Taadhima na Barua ya Nyumba

Sijawahi kumpenda shemeji yangu, na sioni sababu ya kuanza leo. Alimwoa dada yangu mkubwa, wakaishi miaka thelathini na moja katika nyumba ya kazi yenye vyumba viwili, hatua mia mbili kutoka hospitali. Kazi yake ilikuwa masjala: kupokea barua, kugonga mihuri, kupanga majalada, na kuwatungia wakubwa barua zao. Ofisi nzima ilimwita Bwana Taadhima, naye kwa ujinga wake alidhani wanamsifu.

Kila karani mpya alipitia somo lake. "Heshima," aliwaambia, kidole juu, "ni ya watu wote. Hata mfagiaji unampa. Unamsalimia, unampisha mlangoni, basi. Lakini taadhima ni heshima yenye kicho ndani yake. Hiyo haitolewi ovyo. Ni ya mkubwa, na anayeitoa hujishusha kwanza." Mkuu wa idara aliandikiwa "kwa heshima" tupu. Mkurugenzi, "kwa heshima na taadhima". Mkurugenzi akipiga simu, shemeji husimama, hufunga vifungo vya koti, ndipo hupokea. Na mwenyewe yuko ghorofa ya nne, hata hamwoni!

Nyumbani elimu yote hiyo iliishia mlangoni. Dada alikuwa "wewe". Wewe, maji. Wewe, soksi ziko wapi? Siku moja nilimuuliza shemeji, mkewe anastahili lipi kati ya hayo mawili. Akacheka, akasema, "Shemeji, hayo ni mambo ya kiofisi." Wahenga walisema heshima si utumwa. Hawakuwahi kukutana na huyu.

Kisha figo za dada zikagoma. Mara tatu kwa wiki alikwenda hospitali kusafishwa damu, akijikongoja na mkongojo wake zile hatua mia mbili, akirudi amechoka lakini kwa miguu yake. Mwaka huohuo shemeji akastaafu. Waraka ulikuwa wazi: mstaafu ahame ndani ya siku thelathini, ila mwenye mgonjwa nyumbani ataongezewa miaka miwili, mradi amwombe Mkurugenzi kwa maandishi. Karatasi moja tu. Nikashusha pumzi. Kama kuna kitu shemeji anakiweza chini ya jua, ni barua.

Ilimchukua siku kumi na tisa. Nilimkuta mezani na kamusi, ukurasa umejaa hadi pembeni. Nikausoma. Alimshukuru Mkurugenzi kwa uongozi wake, kwa busara zake, kwa miaka yake kazini, hata kwa mlango mpya wa masjala. Alimvika kilemba cha ukoka mpaka nikaona haya mimi.

"Na figo ziko wapi?" nikauliza.

"Huwezi kumtajia mtu mkubwa mambo ya figo, shemeji. Ni kumkosea taadhima. Soma chini."

Chini aliandika: "Lipo pia jambo dogo la kifamilia, ambalo sithubutu kukupotezea muda nalo mpaka utakapoona inafaa kuniita."

"Jambo dogo? Andika mke wangu anaumwa figo, tunaomba tubaki. Mficha maradhi kifo humuumbua!"

"Wewe ni fundi cherehani," akasema. "Kila mtu na kazi yake."

Dada akaita kutoka chumbani, "Mwache, mdogo wangu. Anawajua watu wake." Alimwamini, maskini.

Jibu lilikuja baada ya siku tano. Mkurugenzi aliguswa sana na barua hiyo ya kuaga. Ameagiza ibandikwe ubaoni iwe mfano kwa watumishi wote. Anamtakia mapumziko mema. Shemeji aliisoma mara tatu amesimama, machozi yanamtoka, na msidhani ni ya uchungu. Ilibidi niulize mimi: "Na nyumba?" Akaigeuza karatasi, akatazama nyuma yake, akaigeuza tena.

Kesho yake asubuhi nilikwenda mwenyewe kwa Mkurugenzi, futi ya kupimia bado shingoni. Nilimkuta mtu wa kawaida kabisa, anakula karanga juu ya mafaili. Nilimweleza kwa maneno yasiyofika ishirini. Akaacha kutafuna.

"Mama, mbona hakusema? Ningesaini siku ileile. Nyumba nimeshampa mtu juzi, na ameshachukua ufunguo wa pili."

Nilirudi nikawaambia wote wawili. Dada akafumba macho. Shemeji akanivuta pembeni, akaninong'oneza, "Uliongea naye umekaa au umesimama?" Nyongo ilinipanda. Nilitoka nje nisije nikamtia kofi mzee mzima mbele ya mkewe.

Walihamia ghorofa ya tatu, upande wa pili wa mji, kusiko na lifti. Majirani wawili walikuwa wakimshusha dada kwenye kiti cha plastiki kabla hawajaenda kazini, mara tatu kila wiki, na kumpandisha jioni. Watu wema. Walijitahidi wasimtikise, lakini ngazi ni ngazi, na mwanamke aliyezoea kujitembeza alifumba macho kila kona asiwaone wapangaji wanavyomtazama.

Wiki ya sita walikuja asubuhi kama kawaida. Dada akasema hashuki. Nikambembeleza, nikagomba, nikalia. Hashuki. Shemeji alisimama mlangoni na koti lake, nikajua sasa itatoka hotuba. Badala yake alipiga magoti sakafuni, pembeni ya kitanda, akamshika mkono.

"Mke wangu, nakuomba," akasema. "Usiposhuka utakufa. Nakuomba ushuke."

Dada alimtazama, akautoa mkono wake, akageukia ukutani.

"Waambie majirani waende," akaniambia. "Watachelewa kazini."