Afande wa Kwenye Mashua

Juzi mvua ya likizo ilitufungia ndani hapa Mbale. Mlima Wanale ulikuwa umezama mawinguni, huoni ila michirizi myeupe ya maji ikiteremka mwambani. Binti yangu, ambaye yuko darasa la pili, alijilaza mapajani mwangu na simu yangu, akitafuta filamu ya kutazama. Mara nikaona tanga la shuka, mbwa mwenye sikio moja, na baba aliyevaa kofia nyeupe. Filamu ile, rafiki yangu, niliitazama mara saba nilipokuwa na umri wake.

Tulikuwa tunakaa Jinja, kwenye nyumba za askari. Jirani yetu, Mnubi aliyestaafu jeshini, alikuwa na kibanda cha video: kuta za mafunjo, mabenchi ya mbao, na jenereta iliyonguruma nyuma mpaka meno yanatetemeka. Likizo ikifika alituwekea watoto filamu ya mchana. Lakini kwanza uchague maharage na kujaza madumu maji, la sivyo mama hakuachii mlango. Tuliingia na kabalagala za moto, zile za ndizi na unga wa muhogo, mafuta yakitutiririka hadi kwenye viwiko.

Mle ndani hakuna mtoto aliyeelewa Kiingereza cha filamu. Jirani aliketi kando ya televisheni na maikrofoni yake, akitutafsiria kwa Kiswahili chetu cha kambini, na alipoona hadithi imepwaya aliijaza mwenyewe. Watu wale walikuwa wanasafiri kwa mashua, baba na watoto wawili, kutafuta kisiwa kinachoelea. Yeye akatuambia wametoka Wanyange, pale ziwani karibu na kwetu. Kulikuwa na joka la majini, ambalo leo naona wazi kuwa ni soksi yenye macho ya vifungo. Jirani aliliita kwa jina la mke wa sajenti mmoja aliyezoea kuruka foleni bombani. Tulicheka, ila miguu tuliipandisha juu ya benchi.

Na yule baba, kwa kuwa watoto wake walimwita kapteni, kwetu alikuwa afande. Sisi kapteni mwingine tungemjulia wapi? Tuliyemjua ni yule wa nyota tatu begani. Basi tukaamini kwamba mashua ile iko kazini, na kila baba yule alipotokea wenzangu walisimama kupiga saluti.

Baba yangu naye alikuwa askari. Alipelekwa kaskazini, na siku zikawa nyingi bila habari zake. Nikiuliza, mama alinijibu, "Baba yako iko kazi." Nilimngoja kwa mwili mzima. Lori likipita nilitoka nje.

Ndiyo maana sikuchoka na mwisho wa filamu. Afande anashuka kisiwani, ukungu unafunika kila kitu, mashua inaanza kusogea na watoto peke yao, kisha sauti yake inatokea ndani ya weupe ule. Hapo jirani aliteremsha sauti. "Watoto, sikieni. Afande nasema, mimi iko na kazi kidogo huku, nakuja. Ambieni mama aweke chai."

Mara zote saba nilikimbia nyumbani. "Mama, afande nasema weka chai." Naye aliweka. Alipuliza sigiri, akaponda tangawizi, akaandaa vikombe vitatu. Nilidhani ni moshi unaomtoa machozi.

Baadaye tulitakiwa kuiachia nyumba ile, tukaja Mbale kwa ndugu zake mama. Hakuna aliyenikalisha chini kuniambia. Hatukuzika, hatukukaa matanga. Nilijua polepole, jinsi mtoto anavyojua kwamba viatu vimembana. Nilipokuwa mtu mzima ndipo mama aliponieleza kuwa barua ya jeshi ilifika kabla ya filamu ile. Iliandikwa kwa Kiingereza, na aliyemsomea ni jirani, ambaye aliwasomea barua wanawake wote wa mtaa wetu. Mama alimwomba asiniambie.

Jirani alikwisha kufariki. Kibanda kilivunjwa, pamejengwa duka la saruji. Siku hizi kila mtu anatazama filamu yake mkononi, na hakuna anayemtafsiria mtoto huku akijua nyumbani kwao kuna nini. Ninamkumbuka mzee yule kwa upendo, na pia kwa hasira kidogo, nisikufiche.

Juzi filamu ikafika kwenye ukungu. Kiingereza sasa ninakijua, ndicho ninachofundisha, na kwa mara ya kwanza nikasikia alichokuwa akisema yule baba. Binti yangu hakumwelewa, maana Wazungu wale wanameza maneno.

"Mama, yeye nasema nini?"

Ile habari ya chai ilikuwa tayari mdomoni. Nikaimeza.

"Anasema hatarudi," nikamwambia. "Anasema wageuze mashua waende kwa mama yao. Na kwamba anawapenda sana."

Nikajifuta macho kwa upindo wa leso. Binti aliinua kichwa, akanitazama usoni, akaiweka simu chini.

"Pole, mama."

Maisha yangu yote hakuna mtu aliyekuwa amenipa pole ya baba yangu. Nikamshika mkono, nikaitikia kama wanavyoitikia wafiwa.