Moto wa Tanuru Hautolewi

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya niliyaona mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na kovu lake liko kwenye kiganja changu cha kulia. Asiyeamini aje alishike.

Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa mfinyanzi kule kwetu, milima ya Uvira. Alinifundisha kwamba chungu ni kazi ya watu wanne wasiopendana: udongo, maji, upepo na moto. Kabla ya kuchoma unawasalimia mmoja mmoja. Unashika udongo, unanyunyiza maji, unapuliza pumzi yako, ndipo unawasha, na unawaomba wakae pamoja bila kugombana. Na kuna mwiko: moto wa tanuru hautolewi mpaka midomo yake, yale matundu ya kuingizia kuni, izibwe. Hata jirani akija na kigae chake kuomba kaa la moto, unamnyima. Huku kambini ukimnyima mtu moto watakusema mpaka Rugaaga, lakini ndivyo ilivyo.

Mama alichukia mambo hayo. Mama ni mtu wa kanisa, wa mikesha na kufunga. "Hiyo ni kazi ya mashetani," alikuwa akiniambia. "Nilikimbia hayo kwa mama yangu, sasa nayakuta kwako?" Mchungaji naye alinisema mbele ya watu wote. Nilikasirika, eh, sana! Lakini hata mimi nilikuwa na shaka, niwafiche nini? Bibi alisalimia udongo maisha yake yote, vita vikaja vikamkuta palepale mlangoni kwake. Hao wanne wake walimsaidia nini?

Basi, mvua zikaja, mama akaugua mapafu. Tulikuwa bado tunalala kwenye nyumba ya shitingi, ile plastiki ya kupewa, maji yanaingia juu na chini. Akalazwa hospitali Mbarara, na dokta akasema bila kuzunguka: huyu mama akirudi kwenye unyevu ule, hamtakuwa naye. Kwa hiyo nilitaka nyumba ya matofali ya kuchoma, na nilitaka isimame kabla hajaruhusiwa kutoka. Mdogo wangu alibaki naye hospitalini. Mimi nikafyatua matofali na papa Balthazar, jirani yetu Mrundi, Mkatoliki mwenye rozari shingoni na huruma iliyopita kiasi.

Siku ya kuchoma niliwasalimia wanne wangu, tukawasha alfajiri. Papa Balthazar akafanya ishara ya msalaba. Nikamwambia vizuri, ongeza na wako. Kufika adhuhuri moto umeshika barabara, manyunyu yakaanza. Ndipo nikaona mwanamke anapanda kutoka upande wa ziwa, kigae mkononi.

"Yaya, munisaidie moto," akasema. "Kwangu kuko baridi mingi."

Yaya, yaani dada mkubwa; maneno ya kwetu kabisa. Nilitaka kumjibu kwa adabu, lakini macho yakanishuka chini. Sisi tulikuwa tumezama kwenye tope mpaka vifundoni, na yeye nyuma yake hakuna alama hata ya kidole. Sisi tumelowa, kitenge chake kikavu. Upepo unalaza moshi wetu chini, na ncha ya kilemba chake haitikisiki. Mnanielewa? Udongo haukumjua, maji hayakumjua, upepo haukumjua. Aliyebaki ni moto tu, na huo ndio alioujia.

"Hapana," nikasema. "Midomo haijazibwa."

Akatabasamu. "Na weye unaamini hayo? Kila siku unajiuliza kama ni uongo tu. Basi nipe. Utapoteza nini?"

Hapo alinigusa panapouma. Shaka yangu, ambayo sikumwambia hata mdogo wangu, ameijuaje? Na papa Balthazar, ambaye alikuwa hajaona kitu, akaingilia: "Yesu wangu! Mutu hanyimwi moto na mvua hii!" Ameshainama, ameshachota kaa jekundu kwa koleo, anamnyooshea.

Sikufikiri. Niliruka nikalishika kaa lile kwa mkono mtupu, nikalifumba. Niaminini, nililia kama mbuzi. Nikalitupa tena ndani ya tanuru, nikamgeukia.

"Niamini nisiamini, shaka ni yangu, na moto ni wangu! Rudi ulikotoka!"

Hakukasirika. Aliweka kiganja juu ya ukuta wa tanuru, kama mtu anayeota moto, halafu akateremka polepole kurudi ziwani. Papa Balthazar akaitazama ile njia, akatazama tope lisilo na alama, akakaa chini palepale na rozari yake. Akahesabu shanga zake mpaka saa ya kuziba midomo.

Tulipolifungua tanuru, matofali yalikuwa yameiva mekundu, isipokuwa yale aliyoyagusa. Hayo yalitoka mabichi, na baridi. Sikuyatupa. Niliyazika chini ya kizingiti cha nyumba ya mama, na kila siku nayakanyaga.

Nikaenda Mbarara, mkono umefungwa bendeji. Nikamkuta mama amekaa kitandani anakunywa uji. Mdogo wangu akanisimulia kwamba siku ile, adhuhuri, mama alipoa mwili mzima, wauguzi wakamrundikia mablanketi, wakaanza kutazamana. Halafu joto likamrudi ghafla, akaomba chakula. Mama akamtuma akalete chai, kisha akaushika mkono wangu wenye bendeji.

"Yule mwanamke wa kigae alianza kwangu," akasema. "Alisimama hapo ulipo, akaniomba moto. Nilikuwa nimechoka, sikuwa na nguvu ya kukataa. Nikamwambia, moto wangu uko na binti yangu kule Nakivale, umuombe yeye."

"Mama! Ulimtuma kwangu juu ya nini?"

"Juu nilijua utamunyima."

Leo mama analala ndani ya kuta kavu. Bado anasali mikesha, na mchungaji bado ananitazama kwa jicho la pembeni. Mimi nami kuna asubuhi naamini na kuna asubuhi siamini kitu. Lakini kila nikitaka kuwasha tanuru, mama mwenyewe huniita kutoka ndani: "Umeisha kuwasalimia?"

Na wewe unayenisikiliza, akija mtu siku ya manyunyu na kigae mkononi, kabla ya huruma yako tazama ardhi aliyopita. Kama tope halina alama, mnyime. Majirani waache waseme mpaka wachoke.