Kichuguu cha Jael na Njia ya Mbega

Asubuhi, umande ungali unadondoka kwenye majani, Patroba Lumadede amesimama ukingoni mwa msitu, shingo ameilaza nyuma na macho yako juu mitini. Mkononi ana panga. Begani ana gunia lenye nyaya za mitego alizozing'oa njiani. Anasikiliza.

Nyuma yake, katika msitu mdogo, mbega dume ananguruma. Ng'ambo, katika msitu mkubwa wa Kakamega, dume mwingine anajibu. Patroba anashusha pumzi na kuufuta uso kwa kiganja.

"Wako," anasema. "Leo wako. Ya kesho siyajui."

Kati ya msitu huu mdogo na ule mkubwa kuna ukanda wa ardhi ambao mtoto anaweza kuukimbia bila kupumzika. Ukanda huo ndio unaomkosesha usingizi. Mbega ni mnyama wa juu. Ukimshusha chini umemvua nguo. Na chini, katika mashamba ya mahindi yaliyo pande zote mbili za ukanda huo, kuna mbwa.

Mwezi wa kwanza mwaka huu wa 1996, mbega mmoja kijana alijaribu kuvuka kwa miguu. Hakufika. Patroba alipofika mbio, alikuta manyoya meupe na meusi yametapakaa, na mzee mmoja ameshauomba mkia atengenezee usinga.

"Nililia," anasema bila haya. "Mtu mzima, baba wa watoto watano, nikalia mbele ya mbwa."

Msitu mdogo anaoulinda si wa serikali. Ni hifadhi ya mtu binafsi, Hajj Sulemani, mfanyabiashara wa Mumias, na majirani huuita Shimuli. Aliununua miaka ishirini na zaidi iliyopita akiwa na nia ya kupasua mbao. Wapasuaji walikuwa wamekwisha kuchimba mashimo ya kuegeshea magogo wakati mvua ilipochelewa na chemchemi za jirani zikakauka moja baada ya nyingine. Iliyobaki ni ile iliyokuwa chini ya miti yake. Wanawake wakaja na mitungi tangu alfajiri, wakapanga foleni hadi barabarani. Hajj akawalipa wapasuaji, akawaambia warudi kwao.

"Nilinunua mbao, Mwenyezi Mungu akanipa maji," asema mzee huyo akiwa nyumbani kwake Mumias, baada ya salamu ndefu na chai ya tangawizi. "Sasa nikate miti ili niuze nini? Kiu?"

Tangu hapo Shimuli imejiendesha kwa mtindo wake. Majirani huteka maji bure. Nyasi za kuezekea hukatwa kwa zamu mara mbili kwa mwaka. Kuni zilizoanguka zenyewe huokotwa siku ya soko. Panga na moto ndivyo visivyoruhusiwa. Pongo waliokuwa wamekimbia wamerudi, na magome ya mwiritsa, ambayo kwingineko huchunwa na wezi wa dawa mpaka mti ukauke, hapa bado yameivika miti yake.

Lakini msitu mdogo ni kama chumba kimoja. Hakikaliki milele na familia inayokua. Mbega wa Shimuli ni tisa, na wote ni damu moja.

"Dume ni baba, majike ni mabinti zake," Patroba anaeleza. "Watoto wawili wa mwaka jana walizaliwa dhaifu wakafa. Sisi Waisukha mtu haoi katika ukoo wake. Akitaka mke, anavuka mto. Na hawa wanataka kuvuka, sasa wavukie wapi?"

Jibu lilikuwa kupanda miti. Ardhi ya ukanda ule ilikuwa ya marehemu Musa, jirani aliyemuuzia Hajj miaka sita iliyopita, kabla ya kufa kwake. Mwaka uleule Patroba alibeba miche kutoka kitaluni kwa toroli: musutsu kwa sababu unakua haraka, mwiritsa kwa sababu mbega hupenda majani yake, na mikuyu michache ya baadaye. Aliinywesha kwa debe. Aliizungushia miiba kuzuia ng'ombe. Mkewe akamtania kwamba watoto wake mwenyewe hawajawahi kulindwa namna ile.

Miti ikamsikia. Mwaka jana matawi ya musutsu yalianza kugusana juu kwa juu. Ikabaki mvua moja, labda mbili, na njia ingekuwa tayari.

Ndipo Jumapili moja mwezi uliopita, Patroba akitoka kanisani Mukumu, akakuta miti imelala. Si yote. Ni ile ya katikati tu, kuzunguka kichuguu kikubwa kilichokuwa kimefunikwa na kivuli. Imekatwa kwa panga, safi, na majani yake bado mabichi.

Hakuwa na haja ya kuuliza. Juu ya kichuguu, udongo mpya mwekundu ulikuwa umechimbuliwa na mchwa, na vijiti vya kuonyesha matundu ya kumbikumbi vilikuwa vimechomekwa.

"Nilikaa chini," anasema. "Kwa sababu nilijua nani amekata, na nilijua ana haki."

Hapa mgeni anahitaji kuelezwa jambo ambalo mtoto wa Isukha hulijua kabla hajaota meno ya pili. Shamba huuzwa, kichuguu hakiuzwi. Kichuguu kinachotoa kumbikumbi ni mali ya nyumba fulani, na kinarithiwa hata kama ardhi inayokizunguka imepita mikono mitatu. Mwenye kichuguu ana ruhusa ya kuja msimu wa mvua, kufyeka kila kinachokitia kivuli, na kuvuna. Kile cha ukanda ule kilikuwa cha mjane wa Musa, Jael, naye alikirithi kutoka kwa mama mkwe wake.

Patroba hakuwa mgeni. Kosa lake lilikuwa kuhukumu.

"Kilikuwa hakijatoa kumbikumbi hata mmoja tangu mwaka mmoja kabla sijapanda. Nikasema moyoni kimekufa. Nikapanda miti bila kwenda kwa mama yule kumwambia hata neno. Kumbe kilikuwa kimenyamaza tu."

Jael ni mwanamke wa makamo ya juu, mrefu, mwenye maneno machache na makali. Mlangoni pake, siku Patroba alipokwenda kuomba radhi, hakumkaribisha kiti kwanza.

"Wewe mtoto wa Lumadede," alimwambia, "bwana yangu aliuza shamba. Kichuguu haiuzwangi. Unajua hiyo?"

"Najua, mama."

"Sasa ulinipandia miti kwa mdomo ya chungu yangu, ukaenda zako. Kama ni mzungu ningesema hajui. Wewe?"

Patroba akavua kofia, akabaki amesimama. Hatimaye Jael akaingia jikoni, akatoka na obusuma, ule ugali wa huku, na mboga ya mrenda, akamsukumia sahani. Kwa watu wa huku, chakula kikiwekwa mbele yako kesi haijaisha, ila imeanza kusikilizwa.

Alipokula ndipo akathubutu kueleza habari ya mbega. Jael alimsikiliza akichambua maharagwe.

"Wanyama yako nimeskia," alisema mwishoni. "Lakini mimi nitavuna kwanza. Mvua ikikuja, nitagonga. Na mbwa ya Mathew itakuja na sisi, juu hapo kuna nyoka."

Mathew ni mwanawe wa mwisho. Mbwa wake ndiye aliyemuua yule mbega wa Januari. Patroba alirudi nyumbani roho mkononi.

Tangu siku ile amekuwa akiwachunga mbega kama mtu anayechunga maziwa jikoni. Tatizo, anasema, ni kwamba wamezoea. Kwa mwaka mzima walikuwa wakija mpaka mwisho wa matawi, wakijaribu njia, wakirudi. Sasa wanafika, wanakuta pengo, na dume anashuka tawi moja, mawili, anatazama chini. Siku moja atashuka moja kwa moja.

Siku hiyo ikawa Alhamisi.

Mvua imenyesha mchana, ikakatika, na jua limetoka hafifu. Jael na wakwe zake wawili wamesimamisha fito juu ya kichuguu na kuzifunika kwa blanketi na majani ya migomba. Chini wamechimba shimo na kuweka chungu. Wameketi kulizunguka, kila mmoja na vijiti viwili, wanagonga ubao uliolala juu ya udongo. Mdundo ule ni mwepesi na hauna mapumziko. Kumbikumbi walio ndani husikia mvua inapiga, nao hutoka. Ukiacha kugonga, huamini mvua imekwisha na kurudi chini, na pengine hawatoki tena siku hiyo.

Mathew ameketi kando na mbwa wake. Patroba amesimama mbali, kwa heshima, kofia mkononi.

Kumbikumbi wanaanza kutoka. Wachache kwanza, kisha wengi, wanajikwaa kwenye giza la blanketi na kuporomokea chunguni. Mkwe mmoja anatabasamu. Jael hatabasamu, anagonga.

Ndipo matawi ya ukingo wa Shimuli yanapotikisika. Mbega wametokea, wote tisa, na nyuma kabisa jike aliyezaa wiki iliyopita, mtoto wake mweupe pe kama walivyo watoto wa mbega, amemshika tumboni. Dume anashuka tawi. Anashuka jingine. Anatazama pengo, anawatazama watu.

Mbwa anainuka. Patroba anasema alitaka kupiga kelele. Akipiga kelele mbega watatawanyika popote. Asipopiga, atamwona mbwa akifanya kazi yake.

Jael ameona. Anamtazama dume, anamtazama mbwa, anatazama chungu kisichofika nusu. Kisha anainua mkono.

Vijiti vinanyamaza.

"Mathew," anasema polepole, "shika mbwa yako."

Mathew anamkumbatia mbwa shingoni, anamfunga mdomo kwa mkono. Hakuna anayesogea. Chini ya blanketi kumbikumbi wanapungua, wanabaki wawili watatu, wanaisha.

Dume anatua chini. Anavuka kwa mirukomiruko, mkia mweupe unaburuta matopeni, anapita hatua chache kutoka kwenye chungu, na anapanda musutsu wa upande wa pili. Jike mmoja anamfuata. Kisha vijana wawili. Wanne wanapotelea kwenye majani ya msitu mkubwa.

Yule mwenye mtoto anashuka mpaka tawi la mwisho. Anakaa. Watu wanamngoja, na uso wa Patroba umejaa machozi hajui. Jike anampapasa mtoto wake, anatazama chini tena, kisha anageuka na kupanda alikotoka, na waliobaki wanarudi naye.

Jael anashika vijiti vyake na kugonga tena. Anagonga mpaka jua linazama. Hakuna kumbikumbi anayetoka.

Asubuhi iliyofuata mbega wamelia pande zote mbili, na Patroba amehangaika kama mtu ambaye nyumba yake imegawanyika. Dume ataleta majike wengine, au dume mwingine atavuka kuja huku, hilo ni jema. Lakini mama na mtoto wamebaki na wenzao watatu, mbwa ni wengi, na Mathew hatakuwepo kila siku. Wala si kila mwenye mbwa ni mwana wa Jael.

Mpango wake ni miche mipya, iliyokwisha kupita kimo cha mtu kitaluni, aihamishe kabla mvua hazijaisha. Mpaka itakapogusana, yeye na mlinzi mwenzake watalinda pengo kwa zamu. Safari hii hakuchimba shimo hata moja kabla ya kwenda kwa Jael.

Jael amekuja mwenyewe. Amepanda juu ya kichuguu chake, akatazama jua, akateremka, na sasa anatembea akichoma alama za miche ardhini kwa kijiti chake cha kugongea. Hapa kivuli hakifiki. Hapa pia. Hapo hapana, sogea. Patroba anamfuata nyuma na jembe kama mwanafunzi.

Kutoka msitu mdogo jike analia, sauti fupi, akiita waliovuka. Patroba anaacha kuchimba.

"Miti hii itachukua miaka, mama," anasema. "Naogopa yule hatangoja."

Jael hainui kichwa. Anachoma alama nyingine.

"Mwambie angoje," anasema. "Mimi hii kichuguu nilingoja miaka saba. Na jana, kumbikumbi ikitoka, si nilinyamazisha vijiti?"